Jumamosi: tunasali kwa hatua saba

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya!

Tunaanza saa 12:30 asubuhi kamili kwa Katibu, ili wa daladala za Kariakoo wawahi kazini. Kila mtu aje na Biblia. Simu hapana, meseji ikiingia tu, akili imeshahama.

Tutatafakari Injili ya Dominika hii kwa hatua saba. Tunamkaribisha Bwana kwa sala, tunasoma, kisha kila mmoja anataja neno au kifungu kifupi kilichomgusa, anakirudia mara tatu taratibu. Hapo msieleze kitu. Zinafuata dakika tano za ukimya, nanyi mnajua huwa tunazikata kwenye ya pili mtu akianzisha wimbo. Tafadhali, tuuache ukimya ufanye kazi yake.

Hatua ya tano, kushirikishana, ndiyo inayotushinda. Sema "mimi", si "ninyi". Dakika mbili zinatosha. Hakuna kumjibu wala kumsahihisha mwenzako, na mahubiri tumwachie Padre.

Ya sita ni jukumu la wiki. Si michango! Michango ni baada ya sala ya mwisho, ambayo ndiyo hatua ya saba. Jukumu liwe na jina, siku na mtu: nani atampelekea mgonjwa wetu uji Jumanne, nani atamwomba Padre ampelekee Komunyo. "Tuwakumbuke wagonjwa" halina mwenyewe, ndiyo maana halifanyiki.

Msomaji wa Jumamosi, soma somo leo usiku kwa sauti, angalau mara mbili.