Kongosho kuvimba: sindano ya mapema haikingi

Mhariri,

Mgonjwa analazwa kongosho limevimba vibaya, maumivu yanapenya hadi mgongoni, joto nyuzi 38.5. Mara nyingi siku hiyohiyo anaandikiwa antibiotiki, seftriaksoni na metronidazo, "kwa tahadhari", na ndugu wanauliza mbona sindano imechelewa. Tunaomba wote wajue kwamba tahadhari hiyo haimkingi na maambukizi ya kongosho.

Homa ya wiki ya kwanza kwa kawaida si ya vijidudu. Vimeng'enya vya kongosho, vinavyosaga chakula, vimeanza kuila tezi yenyewe, na mwili mzima unapambana: mapigo yanaenda mbio, chembe nyeupe za damu zinapanda. Bakteria wa utumboni huivamia nyama iliyokufa baadaye, aghalabu kuanzia wiki ya pili.

Jaribio la Italia la 1993 lilileta matumaini juu ya antibiotiki ya imipenemu, ila madaktari walijua nani kapewa dawa. Lile la 2007 la meropenemu, antibiotiki ya jamii hiyohiyo, wagonjwa 100 wa Amerika Kaskazini na Ulaya, lilificha hilo. Waliopata maambukizi ya kongosho walikuwa asilimia 18 kwenye dawa, 12 kwenye dawa bandia, yaani ya kulinganishia tu, isiyo na dawa ndani. Waliofariki, 20 na 18. Hakuna kinga hapo.

Kinga ipo kwenye chakula. Utumbo ukishinda njaa, ukuta wake hulegea na bakteria hupenya. Mgonjwa alishwe mapema, akishindwa kumeza awekewe mpira wa puani ndani ya siku tatu. Dripu iwe ya Ringa lakteti, maji yenye chumvi za mwili, mililita 1.5 kwa kilo kwa saa: mwenye kilo 60 apate 90. Akiwa amekaukiwa, aanze na 600 kwa saa mbili. Pima mkojo, sikiliza mapafu, maana maji yakizidi hujaa humo.

Antibiotiki zina siku yake: njia ya nyongo ikiambukizwa, nimonia ikiingia, au aliyekuwa anapata nafuu akaanza kudhoofika tena baada ya siku 7 hadi 10, hasa picha ya CT ikionyesha viputo vya hewa kwenye kongosho. Kwanza itolewe damu ya kuotesha bakteria maabara, ndipo dozi ianze. Aliyemaliza wiki mbili za sindano bila sababu hufika siku hiyo akiwa na bakteria sugu au fangasi. Na seftriaksoni yenyewe huweza kuacha mashapo kwenye mfuko wa nyongo, kulekule yanakotoka mawe yanayoziba mrija na kuvimbisha kongosho.

Madaktari na wauguzi wa wadi ya upasuaji,
Morogoro