Zawadi, usiufute muziki ule

Mwanga, Kigoma

Mwanangu mpendwa Zawadi,

Habari za Tabora? Habari za chuo na za zamu za usiku? Sisi huku hatujambo. Mama yako mzima, bibi yako anaendelea vizuri na mguu wake, na mdogo wako anakusalimu sana. Nimeona nikuandikie barua badala ya kukupigia, maana jambo lenyewe ni refu na kwenye simu huwa tunakatizana maneno.

Muziki ulionitumia nimeusikiliza. Na ule ujumbe uliofuata usiku wa manane nimeusoma pia: "Baba nimeurudia, ni mbovu, naufuta." Nakuomba usiufute. Hapa sikubembelezi kama mzazi, nakuomba kama fundi. Miaka yote hii watu wanaweka redio na amplifaya mezani kwangu wanasema "hii mbovu", na neno hilo halijawahi kunisaidia kufungua hata skrubu moja. Namuuliza mwenyewe: inaunguruma au inakatika? Inaunguruma hata ukipunguza sauti? Ni spika zote mbili au moja? Akishanijibu, nusu ya kazi imekwisha kabla sijashika bisibisi. Sasa wewe umekaa upande wa mteja kwenye kazi ya mikono yako mwenyewe. Nataka uhamie upande wangu wa meza.

Nikwambie nilichosikia. Kwanza nilikaa nao usiku kwa hedifoni, karakana imefungwa, simu nimeizima. Kesho yake nikauweka kwenye spika ndogo, sauti ya chini, huku naendelea kulehemu. Muziki huu wa ambienti, yaani wa sauti zinazotanda polepole kama hewa ya mahali, una mitihani miwili na lazima upite yote: anayeutegea sikio apate kitu, na mwenye shughuli zake aendelee nazo bila kuvutwa shati. Mwanamuziki Brian Eno wa Uingereza, ambaye albamu yake ya mwaka 1978 ndiyo iliyoupa muziki huu jina, alitaka hivyo hivyo, usikivu wa kila kiwango upate nafasi bila mmoja kulazimishwa.

Mwanzo wako umepita mitihani yote miwili. Mvua ya Tabora inapiga mabati, na kinanda kinaingia chini yake polepole kiasi kwamba sikujua kimeingia saa ngapi. Niligundua tu kwamba kipo. Hiyo ni kazi ya mtu anayesikia. Na ile treni uliyoipunguza kasi hadi nusu, sauti ikashuka oktava nzima, kama do ya juu kwenda do ya chini, na mgongano wa vyuma ukapoteza ukali wake, imekaa mahali pake kabisa.

Tatizo linaanzia dakika ya 4 na sekunde 10. Hapo inaingia kengele. Ni nzuri, ina mkia mrefu, yaani inafifia polepole. Lakini inarudi kila baada ya sekunde 8, vile vile, nguvu ile ile, na kabla dakika ya tano haijafika sikio langu limeshaanza kuisubiri. Nikiwa mezani nilinyanyua kichwa. Si kwa sababu imependeza, ni kwa sababu nilikuwa nimeanza kuhesabu. Muziki wa ngoma unaruhusu hesabu, tena unaitaka, mwili unacheza kwa hesabu hiyo. Muziki wako umeahidi kitu kingine tangu mvua ya kwanza, halafu kengele ikaja kuvunja ahadi.

Dawa yake ni ya zamani, ya enzi za utepe wa kaseti. Chukua vipande vitatu vinavyojirudia, vipe urefu usiopatana: kengele sekunde 7, kinanda sekunde 11, ile sauti nyembamba ya juu sekunde 13. Viache vizunguke. Zidisha 7 kwa 11 kwa 13 utapata 1001, maana yake vyote vitatu havitaanza pamoja tena mpaka zipite sekunde 1001, yaani dakika 16 na sekunde 41. Muziki wako hauna hata dakika 11. Msikilizaji atasikia kengele ile ile, ila kila ikirudi itakuta mambo mengine chini yake. Albamu ile ya 1978 ilijengwa kwa njia hiyo, kwa mizunguko ya utepe yenye urefu tofauti. Wewe huhitaji utepe. Kwenye Audacity, ile programu yako ya kuhariri sauti, unakata kipande na kukirudia mpaka mwisho wa traki, ule mstari wa sauti moja.

La pili liko dakika ya 6 na nusu. Besi imepanda, kinanda kimeshuka kuifuata, na vyote viwili umevitia mwangwi mkubwa. Hapo kila kitu kimejaa kifuani na sielewi kipi ni kipi. Ukitaka kujua fujo hiyo inakaa wapi, angalia kati ya hezi 200 na 500, yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde. Usikimbilie kukata besi yenyewe. Kata sauti za chini ndani ya mwangwi, ili besi ibaki kavu na mwangwi ubaki juu. Nina hakika pia najua kwa nini hukulisikia hili: ulikuwa unachanganya sauti kwa hedifoni baada ya zamu, sauti umeifungulia. Mwaka 1933 Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walipima masikio ya watu na kuonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio husikia besi kwa shida kuliko sauti za kati, na sauti ikipanda tofauti hiyo inapungua. Kwa hiyo usiamue habari za besi kwa kiwango kimoja. Sikiliza juu kidogo, sikiliza chini kabisa, kisha sikiliza kwenye spika ya simu, ambayo besi ya chini haitoi hata ukiiomba. Ukikuta kwenye simu wimbo wote umetoweka, ujue uliutegemeza juu ya sauti ambazo wengi hawatazisikia.

Na hapo hapo kuhusu masikio, mama. Usichanganye muziki ukiwa umechoka na zamu. Sikio lililochoka linadai ukali zaidi na sauti kubwa zaidi, nawe unalipa. Asubuhi unashangaa nani kafanya hivi. Nadhani usiku ule ulipoandika "ni mbovu" ilikuwa hivyo, uliyechoka ni wewe, muziki haukubadilika.

Mtego mwingine nimeuona kwa karibu kila anayechanganya sauti, hata kwenye kwaya zetu hapa: ukilinganisha toleo la jana na la leo, lenye sauti kubwa zaidi litakushinda kila mara, hata kama ndilo baya. Yasawazishe kwanza, yawe na ukubwa mmoja masikioni, ndipo uamue. Na uzime skrini. Ukiutazama ule mstari ukitembea juu ya mawimbi, macho yanakwambia kengele inakuja, sikio halipati nafasi ya kushangaa. Geuka, tazama ukuta, shika kalamu. Andika dakika, andika ulichosikia, na pembeni andika kimetoka wapi: ni kwenye kurekodi, ni kwenye mpangilio, au ni kwenye kuchanganya? Wengi wanaruka hilo la mwisho, kisha wanahangaika na filta kutibu kitu ambacho kiliharibika tangu kinasa sauti.

Ujumbe wako uliomba msamaha kwa sauti ya mtu anayepiga hodi kwa jirani, inasikika kwa mbali karibu na dakika ya 7, ndani ya mvua. Uiache. Ukiigusa tutagombana. Bila hodi ile, mvua ni mvua tu, ingeweza kunyesha popote. Kwa hodi ile najua kuna nyumba, kuna mlango, kuna mtu aliyelowa anasubiri kufunguliwa. Si kila usichokipanga ni kasoro. Jiulize kama kimetoka ndani ya ulimwengu wa wimbo au kimeingia kutoka nje. Mlio wa meseji ya simu yako dakika ya 9 umeingia kutoka nje, huo utoe.

Kuhusu mvua, kuna kisa Eno mwenyewe alikisimulia. Mwaka 1975 alikuwa kitandani baada ya kugongwa na gari, rafiki yake akamletea sahani ya muziki wa kinubi na kuondoka, naye akaiweka mwenyewe kwa taabu na kurudi kulala. Sauti ilikuwa ndogo mno na spika moja ilikuwa haifanyi kazi, naye hakuwa na nguvu za kuinuka tena kurekebisha. Nje mvua inanyesha. Akabaki amelala, anasikia kinubi kinaibuka na kuzama ndani ya mvua, na kutoka hapo akaanza kufikiria muziki ulio sehemu ya mahali mtu alipo. Nakupa kisa hiki kwa sababu ya mvua yako. Umeiweka juu mno. Sauti ya mabati imejaa kila mahali, hasa kati ya hezi 2,000 na 5,000, ambako sikio la binadamu ni jepesi kuliko kwingine kote, na huko ndiko mkia wa kengele unakofia. Punguza mvua kidogo pale pale, usiipunguze yote, na kengele itatokea bila wewe kuipandisha.

Umeniandikia pia kwamba mwenzako wa chumbani anasema huu ni muziki wa Wazungu. Mwambie habari za Halim El-Dabh wa Misri. Mwaka 1944, mjini Cairo, alibeba mashine ya kurekodi kwa waya hadi kwenye ngoma ya zar, ngoma ya wanawake ya kutoa pepo, akanasa sauti zao. Kisha akaingia nazo studio, akazichezea kwa mwangwi, akazichuja mpaka maneno yakapotea ukabaki mvumo. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla Mfaransa Pierre Schaeffer hajaanza kazi zake za namna hiyo Paris mwaka 1948. Kijana wa Kiafrika mwenye kinasa sauti cha kuazima alishafika huko. Wewe na simu yako mmo kwenye ukoo huo.

Mama yako nimemwachia nafasi ya pekee. Siku ile nilipouweka kwenye spika alikuwa uani anachambua mchele, hakujua hata ni kazi ya nani. Hakusema kitu dakika zote zile. Ulipofika mwisho wako, ambao ni wa kukatika tu, akauliza: "Mbona umezima?" Nilipomwambia ni wa Zawadi alinyamaza, kisha akaniambia niuweke tena. Hesabu hiyo kuwa ndiyo tathmini bora uliyopata, tena ina sifa na kasoro kwa pamoja: alikuwa ndani ya muziki bila kujua, na ukamtoa kwa nguvu. Mwisho unahitaji angalau dakika moja ya kufifia. Toa kinanda kwanza, kisha treni. Mvua iondoke ya mwisho.

Sasa kazi. Hifadhi toleo hili lilivyo, lipe jina na tarehe, usiliguse. Tengeneza nakala. Kwenye nakala hiyo zima traki moja baada ya nyingine na usikilize kipande chote. Ambayo ukiizima hukosi kitu, iondoe. Naishuku ile sauti nyembamba ya juu, lakini uamuzi ni wako. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha manne kwa mkupuo na wimbo ukapona, hutajua dawa ilikuwa ipi.

Nami nina cha kuchangia. Umesema unataka maji ya ziwa. Nitakwenda Kibirizi usiku wa mbalamwezi, siku ambazo mitumbwi ya dagaa haitoki kwa sababu taa zao hazivuti samaki mwezi ukiwa mkali. Hapo utapata mawimbi bila injini. Miezi hii ya kiangazi upepo wa kusi unasumbua, kwa hiyo nitafunika kinasa kwa sponji na kukaa nyuma ya mtumbwi uliovutwa mchangani. Kuna pia kaseti yangu yenye honi ya Liemba, meli ya ziwa letu hili. Meli ile ililetwa vipande vipande ndani ya makasha, ikapita hapo Tabora kwa treni, ndipo ikaunganishwa huku na kushushwa majini mwaka 1915. Ipunguze kasi kama ulivyofanya treni, uone. Vyote nitaviweka kwenye flashi, nitampa mjomba wako akipanda treni, pamoja na dagaa wa mama yako.

Wewe ukinitumia tena, usitume kama sauti ya kawaida ya simu, inabanwa na mvua ndiyo inayoharibika kwanza. Tuma kama dokumenti, faili la WAV, ambalo halijabanwa. Tena usitume wimbo uliokamilika. Nataka traki zikiwa mbalimbali, pamoja na daftari lako la dakika, hata kama limeandikwa kwa kalamu na kupigwa picha. Nitalisoma daftari kwanza.

Kula vizuri, na ulale ukitoka zamu.

Baba yako akupendaye