Barua kwa somo yangu: maneno ya muziki na afya ya akili

Kwako somo yangu,

Salamu nyingi, na wa nyumbani wote wasalimie. Barua yako imefika pamoja na ile orodha ya maneno uliyoiandaa kwa ajili ya mtihani wa kuzungumza wa IELTS, ule wa kupima Kiingereza. Umeniomba niikague, na kwa kuwa tunajuana nakwambia bila kuzunguka: nusu yake iweke kando. "Mellifluous" na "euphonious" Waingereza wenyewe huwasikii wakiyasema. Mtahini hatoi alama kwa ugumu wa neno. Ana mafungu manne yenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Kwenye msamiati anachotazama ni kama neno limekaa mahali pake na limeandamana na wenzake. Anayesema "it takes my mind off things" akapita zake anamshinda anayelazimisha "mellifluous" halafu akakosea kitenzi kinachofuata.

Na sisi hasa kwenye vitenzi ndiko tunakokwama. Waswahili tunacheza muziki kwa miguu, wao wanaucheza kwa vidole. Ukisema "I play music at weddings", mtahini ataelewa kwamba unapiga kinanda harusini, na swali litakalofuata ni ala gani unayopiga. Sema "I dance". Kupiga ala yoyote ndiyo "play", na mbele ya ala weka "the": "play the drums", "play the oud". Redio nayo haifunguliwi. Ukisema "I open the radio" umeshika bisibisi. Ni "turn on", na ukitaka kuweka wimbo ni "put on some music". Kuongeza sauti ni "turn it up", kupunguza ni "turn it down". Neno letu sauti linabeba mizigo mitatu ambayo wao wameigawa: ya mtu ni "voice", ya kitu ni "sound", na ile inayoongezwa na kupunguzwa ni "volume".

Kusikia na kusikiliza hakutakusumbua, maana "hear" na "listen" zinafuatana na Kiswahili vizuri. Shida ni ile "to" inayosahaulika: "I listen music" ni kosa linalorudi kila mara, tena kwa watu wanaojua Kiingereza cha kutosha. "Music" pia haihesabiki. Hakuna "musics" wala "a music". Ukitaka kuhesabu, kuna "a song", "a track", au "a piece of music" kama muziki wenyewe hauna maneno. Kuhusu kupenda, kile kinachopendwa hutangulia: "I like music very much", si "I like very much music". Hata hivyo "I'm really into taarab" ndivyo watu wanavyoongea.

Sehemu za wimbo unazijua, kwa hiyo nitapita haraka. Mahadhi ni "tune" au "melody", ubeti ni "verse", kiitikio ni "chorus", mdundo ni "beat", na mashairi ni "lyrics", ambayo daima ni wingi: "the lyrics are", kamwe si "is". Kwenye "beat" vuta ile i, kwani ukiifupisha umesema "bit", yaani kidogo. "Choir" usiisome kama ilivyoandikwa. Waliotuletea kwaya tuliwanasa kwa sikio, kwa hiyo itamke karibu na kwaya, i mwishoni mwa silabi ya kwanza, na hutakosea sana. "Genre" huanza na sauti ambayo hatunayo: chukua sh, kisha utetemeshe koo. Wimbo unaonasa kichwani ni "catchy", na ukishanasa unasema "I can't get it out of my head". Mchangamfu ni "upbeat", mpole wa kutuliza ni "mellow". Hayo mawili yatakufikisha mbali kuliko "nice" na "good" ulizozijaza kwenye sentensi zako za mfano.

Ukiulizwa muziki wa kwenu, usiishie kwenye "taarab is the music of the coast". Sentensi hiyo haimwonyeshi mgeni kitu. Anza na umbo lake: "It's sung poetry with an orchestra behind it", kisha taja ala: "violins, an accordion, an oud and a qanun", hizo mbili za mwisho zikiwa ala za nyuzi. Fumbo ni "a hidden meaning". Mpasho ni "a dig at a rival", na kitenzi chake ni "have a dig at someone". Kutunza usikuache, maana hapo ndipo mtahini atakapoinua kichwa: "people get up in the middle of a song, walk to the stage and tip the singer". Halafu eleza kwa nini, kwa sababu yeye "tip" anaijua ya hotelini: anayetunza mara nyingi anasema ubeti huo umemsemea. "She feels that verse was sung for her." Ukitaka kumtaja Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, chunga mkazo: "she recorded" ni kitenzi, mkazo uko kwenye silabi ya pili; "her records" ni nomino, mkazo uko kwenye ya kwanza. Mkazo wa Kiswahili umetuzoesha silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana jozi za namna hii zinatupiga chenga.

Sasa tuje kwenye hisia, ambako orodha yako ilikuwa fupi kuliko inavyotakiwa.

Tukiwa na mawazo, hatusemi tuna fikra nzuri. Tunasema mambo yametuelemea. Ukisema "I have many thoughts", Mwingereza atangoja umpe hayo maoni. Sema "I've got a lot on my mind". Presha nayo ni mtego. Kwetu mwenye presha ni mgonjwa wa shinikizo la damu, na kwao huo ni "high blood pressure". "I'm under pressure" ni kubanwa na kazi au muda. Moyo mzito una ndugu yake, "with a heavy heart", lakini wao humtumia zaidi kwenye uamuzi wa huzuni au habari mbaya. Kwa siku ya kawaida tosheka na "I feel low". Roho imetulia ni "I feel at peace" au, kama ilikuwa imechafuka kwanza, "I feel calmer".

Kisha kuna zile jozi za mwisho wa neno. "Stressed" ni mtu, "stressful" ni kitu kinachompa mtu msongo. "Relaxed" ni wewe, "relaxing" ni wimbo. "I was boring" maana yake ulikuwa unawachosha wenzako. Zoezi lake ni rahisi: chukua kila kivumishi cha hisia, kitungie sentensi mbili, moja ya mtu na moja ya kitu, uziseme kwa sauti. Ukizisoma kimya hazishiki.

Vipimo vya huzuni vipange kwa ngazi. "A bit down" ni leo tu. "Low" inaweza kuchukua muda zaidi. "Struggling" inasema mtu yuko kwenye shida bila kutaja ugonjwa, na ni neno la heshima sana. "Depression" ni sonona, ugonjwa ambao daktari huutambua dalili zikidumu karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Utawasikia wenyeji wakisema "I'm so depressed" kwa sababu timu imefungwa. Wewe usiwafuate, mada ikiwa ni afya ya akili, ulegevu huo unasikika kama kutojua. "Anxious" na "anxiety" zina uhusiano huohuo: ya kwanza ni wasiwasi wa yeyote, "anxious about the results", ya pili inaweza kuwa hali ya kitabibu. Matamshi yake yanatofautiana kuliko unavyodhani: "anxious" ni karibu na ANK-shas, "anxiety" ni ang-ZAI-e-ti. Kwenye "psychologist" p haisikiki, na tena Kiswahili kimekwisha kukufundisha: saikolojia.

Vihusishi vijifunze pamoja na kitenzi, usivitenge. Ni "cope with stress", "recover from an illness", "get through a hard time", "get over a break-up". "Get through" ni kuvuka ukiwa bado ndani ya shida. "Get over" ni kupona nayo. Wengi huzichanganya hizi mbili.

Kuna maneno ya kuepuka. "Mental" peke yake kumhusu mtu ni tusi. Sema "a mental health problem". "Mad" Uingereza ni kichaa, Marekani ni mwenye hasira, kwa hiyo iache mpaka ujue unaongea na nani. Ule utani wa kwetu wa kumpeleka mtu Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, usiutafsiri kabisa. "Crazy about music" haina neno, ni mapenzi tu. Kuhusu kujiua, vitabu vya zamani vina "commit suicide", lakini "commit" ni kitenzi cha makosa ya jinai, na England na Wales kujiua kuliacha kuwa kosa la jinai mwaka 1961. Siku hizi wanaoifanya kazi hii hupendelea "die by suicide" au "take one's own life".

Kuunganisha muziki na akili ndiko kunakokuja sehemu ya tatu ya mtihani, wakati maswali yanahama kutoka kwako kwenda kwa watu kwa jumla. Hapo vitenzi vinavyofaa ni vyepesi: "lift your mood", "calm your nerves", "help you unwind", "let off steam". "Have a good cry" nayo ni nzuri kwa nyimbo za huzuni, maana mtu analia akapata nafuu. Usiseme "music cures depression". Ni dai kubwa, na mtahini akikuuliza kivipi utakwama. Sema "can ease the symptoms", "alongside treatment", "for some people". Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ukiyataja, tumia "suggests" badala ya "proves". Tofautisha pia kusikiliza muziki na "music therapy", ambayo hufanywa na mtu aliyesomea, kwa malengo yaliyopangwa. Usisahau upande wa pili, kwa sababu mtu anayeona pande zote husikika amekomaa: wimbo unaweza "bring back painful memories", na mwingine akabaki "dwelling on" lile lililomuumiza. Wapo wanaorudia wimbo mmoja usiku kucha na asubuhi wanaamka vibaya zaidi; kwa hao kuna "wallow in sadness".

Sasa mazoezi. Mtihani mzima ni dakika 11 hadi 14. Sehemu ya pili wanakupa kadi yenye mada, karatasi na penseli, dakika moja ya kujiandaa, kisha uzungumze dakika moja hadi mbili. Dakika hiyo moja ndiyo watu wanayoipoteza kwa kuandika sentensi nzima: wanamaliza moja, muda umekwisha, na kilichobaki wanakisoma kama tangazo. Andika maneno sita au manane tu, kwa kushuka. Tuseme kadi inataka wimbo unaokutuliza. Karatasi yako iwe na: "taarab, aunt's radio, qanun, hidden meaning, a lot on my mind, unwind, not a cure". Kila neno ni sentensi mbili tatu, na hapo dakika mbili zimejaa. Kama hakuna shangazi wala redio, mtunge, hawapimi ukweli. Kwa sababu hiyohiyo hulazimiki kueleza maradhi yako wala ya mtu wenu. Ukiona swali linakusogelea sana, ligeuze: "I can't speak from experience, but many people find…"

Jirekodi kwa simu, usikilize mara mbili. Mara ya kwanza fuata vitenzi na vihusishi tu. Mara ya pili fuata mikazo na zile i ndefu. Ukisikiliza vyote kwa pamoja utaona aibu ya sauti yako na kufuta. Andika makosa matatu, si kumi, rudia kadi ileile palepale, halafu kesho chukua nyingine. Usikariri jibu zima: aliyekariri hujulikana, macho yanapanda darini na kasi inabadilika.

Nitumie rekodi moja ya kadi ya wimbo kabla ya Alhamisi, na nyingine ya kumweleza mgeni singeli ni nini. Hiyo ya pili ni ngumu kuliko taarab, kwa sababu "fast" peke yake haitoshi kwa mdundo unaopita mapigo 200 kwa dakika. Jaribu "frantic", uone itakufikisha wapi.

Wasalaam,
Somo yako