Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya utawala bora: madiwani wafundwe mapema

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kuhusu semina elekezi za madiwani wapya. Niliwahi kuhudhuria moja kama mwandishi wa kumbukumbu. Kwa siku mbili tulipitia kanuni za fedha na taratibu za vikao, mambo ya lazima kabisa. Lakini diwani mmoja, mama wa makamo, alipouliza awafanyeje watu waliokwishaanza kumfuata kila aendako wakimsifu, mwezeshaji alijibu kwamba hilo halimo kwenye ratiba, tukaenda kunywa chai.

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1516 mwanazuoni Erasmus wa Rotterdam alimtungia Charles, kijana wa miaka 16 aliyekuwa ametoka kurithi ufalme wa Hispania, kitabu kizima juu ya malezi ya mtawala, na humo akatenga sura ya namna ya kuwaepuka wenye kujipendekeza. Alishangaa kwamba anayeghushi sarafu ya mfalme huuawa, ilhali anayeipotosha akili ya mfalme mwenyewe, ambaye ni sawa na mtu aliyetia sumu kisima kinachonywesha mji mzima, haguswi.

Ni kweli kwamba Charles alirithi kiti, na sisi tunachagua. Erasmus naye alisema usukani hukabidhiwa ajuaye bahari, si mwenye ukoo bora. Lakini kura hupigwa siku moja, kisha diwani anakaa miaka 5 katikati ya hao ambao vijana wetu huwaita chawa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Mantova, Italia, ambako mwaka 1423 mwalimu Vittorino da Feltre aliitwa na mtawala Gianfrancesco Gonzaga awafundishe watoto wake, naye akawaketisha pamoja na watoto wa maskini aliowasomesha bila ada. Naamini mtoto wa mkubwa aliyekosolewa mbele ya mtoto wa fukara hawezi, akishika madaraka, kuona kila anayempinga ni adui.

Ninaomba basi, Mheshimiwa, semina iongezewe siku ya tatu, waalikwe mama lishe, mfugaji na mwalimu wa shule ya kata, wampinge diwani kwa hoja, uso kwa uso, kabla hajazoea makofi. Na yule mama apewe nafasi ya kuuliza tena swali lake.

Wako mtiifu,
Mwananchi