Yaya, mama wa mikate anakuuliza kitu juu ya Giselle

Katuba, Lubumbashi, siku ya posho mangaribi

Yaya yangu,

Jambo sana. Huko Liège baridi bado inakula mifupa? Siye tuko, mama anakusalimia, anasema siku utarudi usirudi mukonda juu hatakufungulia mulango. Flash yako ya video za dansi ilifika, binamu yako alileta yeye mwenyewe mpaka ku lupangu (kiwanja cha nyumba), umeifunga ndani ya soksi nikacheka sana. Uliniomba nikuelezee vile batu ba mu avenyu na batoto ba kikundi changu cha dansi balipokea zile video, basi kaa chini, hii barua iko murefu.

Tulifanya mangaribi ine. Shuka ya mama jirani ku ukuta, projekta ya kuazima, viti vya plastiki, bafle (spika) yenye inakoroma kidogo, na grupu (jenereta) juu kuran, umeme wa huku, unaijua, inakuya kukusalimia tu halafu inaenda. Siye hatukuiita festivali, ni batoto ba mu avenyu njo balianza kusema festivali ya shuka, jina likabakia.

Siku ya kwanza nitapita mbio juu ilituaibisha. Nilianza na balei ya William Forsythe, In the Middle, Somewhat Elevated, ile ya 1987 ya Opéra ya Paris, nikijua iko moto, ile muziki ya Thom Willems inapiga sawa bati. Nikabaelezea kama jina linatoka ku yale matunda mawili ya dhahabu yenye yametundikwa yulu, katikati, juu kidogo, basi njo ikawa makosa yangu, kila mutoto akaangalia matunda tu, miguu hakuna mwenye aliona! Dakika kumi hivi grupu ikazimika, esanse (petroli) imeisha. Tukalala.

Ya pili ikawa muzuri. Ulikuwa umetia vile vipande vya La Création du monde yenye Faustin Linyekula, mutunga dansi wetu wa Kongo, alifanya na Ballet de Lorraine, kampani ya Ufaransa, 2012. Nikabaambia historia yake: 1923, Paris, Ballets Suédois, kampani ya Baswidi, banaamua kucheza vile dunia iliumbwa kufuatana na hadisi za Afrika, Milhaud anaandika muziki, Fernand Léger anachora mavazi na mapazia, Jean Börlin anatunga hatua, na ku jukwaa mweusi hata mumoja hakuna. Mavazi yenyewe ni makubwa, magumu, mutu anapotea ndani, batoto bakaanza kulalamika eti hao banacheza ao banahamisha makabati? Na Linyekula mwenyewe unamujua, mutoto wa Ubundu, alianzisha Studios Kabako, nyumba yake ya dansi, Kinshasa 2001 halafu akaihamisha Kisangani, yeye anachukua ile kitu ya kizungu juu ya Afrika, anairudisha vile ilikuwa, halafu anatia mwili mweusi katikati uulize maswali. Kuko muzee mumoja fundi wa kushona, anakaa karibu na kisima, alinyamaza mangaribi yote. Mwisho akasema: "Ile miaka ya hamsini siye tulikuwa na Jecoke, kikundi cha muziki na dansi, ku komini Kenya hapa Lubumbashi, bazungu njo balikuwa banakuya kuangalia. Hao ba Paris bangetuandikia tu barua." Watu balicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika, hicho nitalipa mimi.

Tukamalizia na Coup Fatal ya Alain Platel, mutunga dansi wa Ubelgiji, juu nilitaka basikie sauti ya Serge Kakudji, yetu hii ya Katanga, anaimba muziki ya zamani ya Ulaya na gitaa na likembe vinamufuata nyuma. Lile pazia la maganda ya risasi la Freddy Tsimba lilionekana muzuri kabisa ku shuka, likitingizika unasikia mulio. Hapo batu habakucheka.

Sasa siku ya tatu, njo ile nataka kukuambia. Nilitia Giselle mbili mufululizo. Kwanza ya kizamani, ile ya tangu 1841 Paris, muziki ya Adolphe Adam. Unajua kisa: binti wa kijiji anapendana na kijana, kumbe kijana ni mutoto wa bakubwa na iko na muchumba wake, binti anapata wazimu anakufa. Halafu usiku ba Wili, mizimu ya mabinti benye balidanganywa mbele ya ndoa, banakamata kila mwanaume mwenye anapita banamuchezesha mpaka anakufa, na Giselle mwenyewe anamukinga yule kijana, Albrecht, mpaka asubuhi. Pale ba Wili banapita kwa mistari, muguu mumoja nyuma, banarukaruka, mama wa mikate, ule munene wa ku kona, akasema "sawa kuku ya muguu moja", nikajua leo hatutamaliza vizuri.

Alingoja mpaka mwisho. Halafu akasimama na sahani yake ya mikate mukononi: "Mwanaume amekudanganya, umekufa juu yake, halafu unamuchezea usiku mzima apone? Huyu mutoto hana wazazi?" Mama mwengine, ule wa korali, akamujibu kama kusamehe ni kazi ya mukristu, ikawa kelele, nikaona heri nitie Giselle ya pili mbio, ya Dada Masilo (Dada njo jina lake), mutunga dansi wa Afrika Kusini.

Yaya, nilikuwa nimeiona peke yangu ku telefone mara nyingi lakini ku shuka ni kitu kingine. Ni kijiji cha Afrika Kusini, batu ku mashamba, miguu chini haina kiatu. Masilo mwenyewe njo Giselle, kichwa amenyoa, mudogo, mwepesi, anakimbia na mikono sawa mutu anatupa maji. Myrtha mukubwa wa mizimu ni sangoma, muganga wa kienyeji, mwenye anamucheza ni mwanaume, usinga mukononi. Ba Wili bamevaa nyekundu, banawake na banaume pamoja, juu mutu wa kudanganywa si mwanamuke peke yake. Na vile banapiga chini! Ku ile ya 1841 kazi yote ni kuficha uzito, mutu anatua usimusikie. Hapa kisigino kinashuka na bafle yetu ikatingizika ku ukuta, mutoto wangu mumoja wa kikundi akainuka akajaribu ku sima (simenti) ya lupangu, kisigino kwanza, mara ya tatu sandali ikakatika. Lakini angalia mabega na mikono, ile shule ya zamani iko ndani yote, hakuitupa. Nilibaambia mara mia kama balei haiko adui, habakusikia, sasa baliona.

Na Giselle ya Masilo hasamehe. Albrecht anakufa.

Nikangoja mama wa mikate apige makofi. Hakupiga. Mwenye alipiga ni ule wa korali, tena kwa nguvu, mbele ya watoto! Mama wa mikate akakaa, akasema polepole: "Sasa amemuua. Na roho yake yeye imepoa?" Mimi nilikuwa upande wa Masilo na bado niko, lakini ile neno ninayo mpaka leo. Nikabaambia kama Masilo alifariki 29 Desemba 2024, miaka 39. Lupangu yote kimya.

Ya mwisho ilikuwa Le Sacre ya Pina Bausch, mutunga dansi wa Ujerumani, ile yenye bachezaji 38 ba inchi 14 za Afrika bamecheza ku muchanga wa bahari, Toubab Dialaw, Senegal, kwa Germaine Acogny mwenye shule ya dansi, 2020, mbele tu ya korona kufunga njia. Ile nguo nyekundu inapita mukono kwa mukono, hakuna mwenye anaitaka, juu mwenye ataivaa atacheza mpaka afe. Kijana mumoja mwenye alichimbaka Kolwezi akasema "banajua kama mumoja ataenda, na hakuna mwenye anatoka ku mustari." Akaondoka mbele ya mwisho.

Batoto bakauliza kama ku Lubumbashi kwetu kuko mutu wa kazi hii. Nikabaambia juu ya Dorine Mokha, Hercules of Lubumbashi yake na Elia Rediger, muziki na dansi juu ya mine (migodi), na vile alituacha 2021 angali kijana. Tafuta video yake, nakuomba, hiyo haikuwa ndani ya soksi.

Na shuka ya jirani ilipata tundu ya musumari, kubwa kupita kidole, ananidai mupya, ukipata mutu wa kukuya tuma hata ya kutumika.

Mama wa mikate yeye anauliza kama kuko Giselle ingine, yenye binti hafe kabisa.

Mudogo yako wa Katuba