Mke wa mvuvi naye anavua

Ndugu Mhariri,

Sina kawaida ya kuandika magazetini. Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi, na hata likitufikia hapa kisiwani Jibondo, Mafia, limeshapitwa na siku, nalisoma mpaka matangazo ya vifo. Sijawahi kulalamika. Lakini ile makala yenu juu ya maisha ya wanandoa wa visiwani, ile yenye picha kubwa ya mwanamke wa Mafia amesimama mchangani na kanga zake anatazama mashua, imenikaa rohoni. Nikinyamaza nitakuwa nimekubali yaliyoandikwa.

Mwandishi wenu anasema huku kwetu mume huenda baharini na mke hubaki akimsubiri. Akamsifia mke huyo kwa uvumilivu wake. Hakumuuliza hata mara moja nyumba inakula nini katika huo muda anaosubiri.

Nianze na picha yenyewe. Maji yamejaa, mchanga umebaki ukanda mwembamba, vivuli vimerefuka. Mtu wa pwani akiitazama anajua ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, na wakati ni alasiri, maana bamvua likiwa kubwa maji hujaa kwenye saa kumi hivi. Asubuhi ya siku hiyohiyo, kati ya saa tatu na saa tano, maji yalikuwa yametoka mpaka mwamba ukabaki wazi, na huko mwambani ndiko walikokuwa wanawake wa kijiji kizima, akiwemo, nina hakika, huyo wa kwenye picha. Mwandishi alifika kazi imekwisha, pweza wameshauzwa, mama ameoga na kubadili nguo, ndipo akampiga picha na kuandika kwamba anasubiri.

Kama hajui kazi hiyo ilivyo, nimweleze. Unatoka nyumbani maji yanaanza kukauka, umebeba nondo nyembamba yenye ncha na kikapu, miguuni raba zilizochakaa. Pweza humwoni, unaona mlango wake: maganda ya kaa na vijiwe amevirundika nje ya shimo. Unaingiza nondo taratibu, akishika unamvuta, anakuzonga mkono mpaka kwenye kiwiko, unamgeuza kichwa nje ndani, unamtia kikapuni. Kisha shimo jingine. Jua linapiga mgongoni, maji magotini, na unachungulia unapokanyaga kwa sababu mwiba wa samaki taa haujali kama una mtoto mgongoni. Maji yakianza kurudi unarudi mbele yake. Ukifika pwani unamgonga pweza mawe alainike kama ni wa kula, na kama ni wa kuuza unamkimbiza kwa mchuuzi kabla barafu yake haijaisha. Baada ya hapo ndiyo kuni, kupika, na ukili wa kusuka mkeka jioni.

Mume wangu ni mvuvi na simpunguzii lolote. Kaskazi ikivuma akaenda dago, yaani kambi ya wavuvi ya mbali na nyumbani, anaweza kukaa huko wiki kadhaa na akarudi na fedha nzuri. Lakini kusi inapokuja bahari inachafuka, madau yanalala juu ya mchanga, na miezi hiyo nyumba yetu inasimama kwa pweza na mwani. Sare za shule za watoto zimenunuliwa kwa pweza. Yeye mwenyewe anayasema hayo mbele za watu.

Sasa nieleze jambo lililonifanya niisome makala yenu kwa hasira. Sisi wanawake wa mwambani tuliwahi kuunda kikundi. Tulitaka mkopo mdogo wa kununua makasha ya barafu na kukodi chombo, ili pweza wetu tuwapeleke wenyewe mjini Kilindoni badala ya kumwachia mchuuzi apange bei anayotaka pale pale pwani. Tukavuka bahari, watatu tuliochaguliwa na wenzetu, tumevaa vizuri, vitambulisho mkononi, daftari la hisa limeandikwa safi, kila shilingi iliyochangwa ina jina la mwenyewe. Kijana wa kwenye ofisi ya mikopo, mpole tu, alituuliza chombo chetu kina namba gani ya usajili. Tukamwambia hatuna chombo, tunavua kwa miguu. Akaitazama fomu yake, akaigeuza upande wa pili, akairudisha. Akauliza nyavu ni za aina gani. Hatuna nyavu. Mashine? Hatuna mashine. Akasema, basi mama, waleteni wazee wenyewe, kwa sababu hii fedha ni ya wavuvi. Mimi nilikuwa na makovu ya mwamba kwenye miguu yote miwili na kikapu nilichokifuma kwa kazi hiyo kilikuwa kwapani kwangu. Nilimwonyesha. Akanijibu kwamba ananielewa, lakini fomu haina mahali pa kuandika hayo. Tukarudi kama tulivyokwenda, nauli imetoka mifukoni mwetu na bamvua la siku ile limetupita. Mume wangu aliporudi dago alikwenda mwenyewe akawaeleza kwamba pweza anayeuzwa nyumbani kwake anavuliwa na mkewe. Walichomjibu ni kwamba yeye anaweza kukopa, kwa jina lake na kwa dau lake. Hakuchukua. Alisema akichukua fedha iliyoombwa na wanawake atawatazamaje.

Ndiyo maana nasema makala kama yenu si hadithi tu. Yule kijana hakuitunga mwenyewe akili ile, aliisoma mahali. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwezi Mei 2024, habari nilizozisoma zilikuwa za vyombo vya wavuvi. Haki yao, wenye vyombo waliumia. Lakini kamba zangu za mwani zilikokotwa na vigingi vyake, sikuambulia hata tai-tai moja ya kufungia mbegu, na hakuna aliyekuja kuhesabu. Na huo mwani wenyewe tunaulima kwa shida: ule unaolipa zaidi, kotonii, maji yakipata joto unaoza, kwa hiyo wengi tumebaki na spinosumu ambao bei yake ni ya chini. Ni kazi ya kuinama tangu kupanda hadi kuanika, na ukinyeshewa kabla haujakauka hasara ni yako.

Na hapo mwambani penyewe hatuko peke yetu tena. Zamani pweza alikuwa riziki ya wanawake na watoto, wanaume hawakumtazama. Wanunuzi walipoanza kumtaka kwa ajili ya kumsafirisha nje na bei ikapanda, vijana wakaja na mawani na mapezi ya kuogelea, wanazama kwenye kina ambacho sisi hatufiki na wakati mwingine wanapita hata kwenye vina vyetu. Siwakatazi, bahari ni ya wote. Nyumbani kwangu tulikubaliana kwamba mume wangu akizama pweza, azame nje ya mwamba, sehemu ya miguu aniachie mimi. Si kila nyumba ina makubaliano hayo. Pweza jike akitaga hulinda mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Ukimchomoa shimoni kabla ya hapo umemaliza na watoto wake wote. Kwingine, Kisiwa Panza kule Pemba kwa mfano, wanakijiji wanafunga sehemu ya mwamba kwa miezi ili pweza wakue, kisha wanaufungua. Ni jambo zuri. Ila kwenye kikao cha kuamua ufungwe upi na lini, wanaotembea mwambani wawemo, maana ukifungwa mwamba wa karibu mzamiaji ana pa kwenda na mimi sina.

Tena kuna huu mzani wa mchuuzi, ambao sijaona gazeti lolote likiuandika. Ni mzani wa kuning'iniza, anaushika mwenyewe, anausoma mwenyewe, anaushusha kabla mshale haujatulia. Pweza niliyempima nyumbani kwa mzani wa duka la jirani akifika pwani amepungua. Ukiuliza unaambiwa ni maji yamemtoka. Ukibisha, kesho hakununui, na pweza hakai mpaka keshokutwa akikusubiri. Kanuni inakataza kuvua pweza aliye chini ya nusu kilo, na sisi tunaambiwa tuwarudishe wadogo. Sawa, tunawarudisha. Lakini nusu kilo ya mzani wa nani?

Ninayoyataka ni haya. Kwanza, mrudisheni mwandishi wenu Jibondo, aje wakati wa kusi, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, awe mwambani saa tatu asubuhi. Asije na viatu vya wazi. Raba nitamwazima. Atembee na sisi mpaka maji yarudi, halafu aandike upya maisha ya mume na mke wa kisiwani, na chini ya picha aandike jina la mwanamke kwa ruhusa yake, si "mke wa mvuvi". Pili, fomu za mikopo ya uvuvi ziongezewe mstari mmoja wa mvuvi wa miguu, na mahali pa namba ya chombo paruhusiwe kuachwa wazi. Tatu, kila kijiji chenye soko la pweza kiwe na mzani wake uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, uning'inizwe kwenye boriti ya banda la pwani, uso wake utazame kule wanakotokea wauzaji, na mchuuzi asiruhusiwe kuushika.

Na nyinyi gazetini, mnachapa bei za mahindi na mchele. Chapeni na bei ya kilo ya pweza pale Soko la Feri, Dar es Salaam, kila wiki, hata kwa mstari mmoja pembeni. Gazeti likitufikia limechelewa si neno. Nitalipeleka pwani na kumsomea mchuuzi mbele ya wenzangu.

Mama mvuvi,
Jibondo, Mafia