Mshumaa chini ya glasi haupimi oksijeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe maelezo yaliyotolewa katika ukurasa wenu wa sayansi kuhusu jaribio la mshumaa, sahani ya maji na glasi. Wasomaji walielezwa kwamba mshumaa ukifunikwa huzimika kwa kuwa oksijeni yote imekwisha, na kwamba maji hupanda ndani ya glasi ili kujaza nafasi yake. Nami nilifundishwa hivyo, nikaja kuwafundisha wengine hivyo hivyo kwa miaka kadhaa, kwa hiyo simlaumu mwandishi.

Kinachowaka katika mshumaa si utambi, wala si nta iliyoyeyuka, bali ni mvuke wa nta. Joto la mwali huyeyusha nta, utambi huinyonya na kuipandisha, nayo hugeuka mvuke unaokutana na oksijeni ya hewani. Mtu akiupuliza mshumaa ukazimika, kisha papo hapo akasogeza kibiriti kinachowaka kwenye ule moshi mweupe unaopanda, ataona moto ukiteremka kwa kufuata moshi hadi kwenye utambi ambao kibiriti hakikuugusa.

Mvuke huo ukiwaka kikamilifu hutoa hewa ya ukaa na maji. Kwa nta ambayo kila molekuli yake ina atomi 25 za kaboni na 52 za hidrojeni, molekuli 38 za oksijeni huzaa molekuli 25 za hewa ya ukaa na 26 za maji. Maji hayo hupoa na kuwa umande unaotia ukungu kwenye kuta za glasi, lakini hewa ya ukaa hubaki ikiwa gesi, nayo huyeyuka polepole mno katika maji ya sahani, kiasi kwamba takribani theluthi mbili za nafasi iliyoachwa na oksijeni hujazwa tena pale pale. Wala oksijeni haiishi: hewa ya kawaida ina asilimia 21 hivi, na mwali wa mshumaa hufa ikiwa bado imebaki asilimia 16 au karibu na hapo.

Basi maji hupandishwa na nini? Hewa iliyopashwa joto na mwali hutanuka, sehemu yake ikatoroka, na ile iliyobaki inapopoa hunywea. Anayetaka kuhakikisha na atazame kwa makini ukingo wa glasi: mara nyingi ataona mapovu yakitoka mshumaa ungali unawaka, na maji yakipanda kwa kasi baada tu ya moto kuzimika, ilhali kama oksijeni ndiyo sababu yangepanda taratibu tangu mwanzo. Arudie kwa mishumaa mitatu chini ya glasi ile ile, naye ataona maji yakipanda zaidi, ingawa oksijeni iliyofunikwa haikuongezeka.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu kosa lenyewe haliishii darasani. Aliyefundishwa kwamba moto huzimika hewa inapokwisha huamini kwamba maadamu moto unawaka, hewa ya chumbani bado ni salama. Makaa yanayoendelea kuwaka katika chumba kilichofungwa, hata yakiwa mekundu na bila moshi wowote, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Aliyelala humo hapaliwi wala hakohoi, na makaa yanaweza kuwa bado yanawaka wakati yeye amekwisha kupoteza fahamu.

Ninaomba, Mhariri, jaribio hilo lichapishwe upya katika ukurasa ule ule likiwa na maelezo sahihi, na onyo kuhusu makaa liwekwe kando yake kwa herufi zinazosomeka.

Wako katika ujenzi wa elimu,
Mwalimu wa sayansi